Milimita 55: kisa cha chumba cha tatami kilichotiwa sakafu ya mbao

Wajapani huhesabu ukubwa wa chumba chao cha asili kwa tatami zinazoenea sakafuni. Hiki ni cha tatami sita, ndani ya nyumba ya mbao ya ghorofa mbili huko Saitama, kaskazini mwa Tokyo, iliyojengwa mwaka 1978. Mwenye chumba ni bibi wa miaka 81 aliyezoea kulala kwenye godoro la kutandika chini, mpaka magoti yalipokataa. Akahitaji kitanda. Tena siku hizi anatembea kwa kusukuma kigari cha magurudumu manne, na tatami haipatani na magurudumu: nyasi zake huchanika, na miguu ya kitanda huzama ikaacha mashimo. Binti yake akaamua tatami zitoke, zije mbao. Kwa Japani ya leo hakuna kazi ya kawaida kuliko hii, ndiyo maana inafaa kuchambuliwa. Majina nayaacha.

Tatami si mkeka wa kukunja na kutia kwapani. Ni bamba. Moyo wake ni mabua ya mpunga yaliyobanwa na kushonwa, na juu umefunikwa kwa ufumaji wa nyasi iitwayo igusa, ambayo inayolimwa Japani kwenyewe karibu yote hutoka Kumamoto. Katika nyumba ya umri huu bamba hilo lina unene wa milimita 55 hivi na uzito wa kilo 30 au karibu na hapo. Ukubwa hubadilika kwa eneo. Upande wa Tokyo tatami moja ni milimita 1,760 kwa 880. Kyoto ni 1,910 kwa 955. Na katika fleti za umma zilizojengwa baada ya vita ni ndogo zaidi. Kwa hiyo anayesema “nina chumba cha tatami sita, niuzie mbao” hajasema kitu. Ashike futi kwanza.

Cha kushika zaidi ya urefu na upana ni ule unene. Mbao za sakafu zinazouzwa sana Japani zina milimita 12. Ukitoa kitu cha 55 ukaweka cha 12, kuna shimo la milimita 43 linalosubiri jibu, na jibu hilo ndilo linaloamua milango, baridi, unyevu na usalama wa bibi. Familia ilikuwa imeshatumia muda mrefu kulinganisha rangi za mwaloni kwenye katalogi. Hakuna aliyekuwa ameuliza uso wa sakafu mpya utasimama kwenye kimo gani.

Sasa tazama chumba kilivyo. Kizingiti cha mlango, ubao wenye mifereji ambamo milango ya karatasi huteleza, kiko sawa na uso wa tatami. Korido ya nje ya mlango iko chini yake kwa milimita 30. Nyumba nyingi za miaka hiyo zimejengwa hivyo, na aliyekulia humo mguu wake unajua wenyewe kunyanyuka. Mguu wa miaka 81 umesahau. Ngazi ya sentimita 15 mtu huiona akajiandaa. Ya sentimita 3, usiku, taa imezimwa, ndiyo inayovunja nyonga.

Fundi wa kwanza alikuja na makisio ya bei nafuu na kazi ya siku moja. Chini ya tatami kuna mbao chakavu za milimita 12, zimepigwa misumari juu ya papi, yaani miti myembamba iliyopangwa kwa nafasi, na papi zimelala juu ya boriti. Yeye angeziacha mbao hizo mahali pake, aweke juu yake papi nyembamba, plaiwudi ya milimita 12, kisha mbao mpya za 12, hadi zilingane na kizingiti. Milango inabaki ile ile. Kilima cha sentimita 3 kwenye korido nacho kinabaki, ila kinawekewa kipande cha ubao kilichochongwa mteremko.

Si pendekezo baya kwa kila mtu. Kwa kijana anayetaka chumba cha kompyuta ningelikubali bila maneno mengi. Lakini mteremko wa kubandika huwekwa korido, na korido hii ni nyembamba. Kigari kingepanda mteremko huku bibi akigeuka kuingia mlangoni. Kugeuka na kupanda kwa wakati mmoja ndicho alichoshindwa tangu mwanzo.

Njia ya pili ni kuishusha sakafu ilingane na korido na kukata kizingiti. Hapo hesabu inapendeza. Uso wa zile mbao chakavu uko milimita 55 chini ya kizingiti, yaani 25 chini ya korido. Plaiwudi ya 12 na mbao za 12 zinafanya 24. Fundi wa pili alipoona hivyo alicheka. Ni kama nyumba ilikuwa imesubiri. Ila kushusha sakafu hakuui kilima, kunakihamisha. Upande wa mashariki kuna chumba kingine, cha tatami nane, ambacho bado kina tatami zake. Sakafu ya bibi ikishuka, mlango wa kati ya vyumba hivyo viwili, uliokuwa tambarare miaka yote, unapata ngazi ya milimita 30.

Hapa ndipo binti alipofanya jambo ambalo sikuona fundi yeyote akilifanya: alimuuliza mama yake anakwenda wapi. Chooni, kupitia korido, mara mbili au tatu kila usiku. Chumba cha tatami nane, ambako kuna madhabahu ya Kibudha ya marehemu mumewe, mara moja kila asubuhi, mchana kweupe, na daima akiwa na mtu. Basi kilima kiende mashariki, na kwenye nguzo ya mlango huo pawekwe mkono wa kushika. Uamuzi umekwisha. Mengine yote yalifuata huo.

Milango miwili ya korido ilipungukiwa na milimita 30 kwa chini. Milango ya asili ya aina hiyo, fusuma, ni fremu nyepesi iliyowambwa karatasi, si rahisi kuirefusha vizuri. Ikatengenezwa mipya ya mbao. Wazo la kwanza lilikuwa kuitundika kwa juu ili sakafu isiwe na reli kabisa, lakini mhimili wa juu wa mlango katika nyumba kama hii haukuwekwa kubeba mzigo. Baada ya miaka ungepinda na milango ingekwama. Wakachagua reli nyembamba yenye mfereji wa umbo la V, iliyozamishwa ndani ya sakafu hadi isiote juu, na magurudumu madogo chini ya mlango. Kigari hupita juu yake bila kutikisika. Faida ambayo hakuna aliyeitafuta: milango ya vyumba vya asili ina kimo cha kama milimita 1,757, na milimita 30 za ziada zimempunguzia mkwe mrefu wa nyumba hii vibao vingi vya kichwa.

Kilichokuwa chini

Hadi hapa mpango ulikuwa kuacha mbao chakavu na kupigilia juu yake. Fundi wa pili aliomba ang'oe chache kwanza achungulie. Ombi hilo linastahili kulipiwa na kila mwenye nyumba ya zamani.

Chini palikuwa na udongo mtupu. Kanuni za ujenzi za Japani zinataka sakafu ya mbao ya chini iinuke angalau sentimita 45 juu ya ardhi pale ambapo hapajamwagwa zege, na msingi uwe na matundu ya hewa kila mita 5 au pungufu, kila tundu sentimita za mraba 300. Matundu yalikuwepo. Mawili yalikuwa yamezibwa kwa nje: moja na masufuria ya maua, jingine na mashine ya kiyoyozi. Vinguzo vinavyobeba boriti vimekaa juu ya mawe, na vitatu kati yake havikugusa jiwe tena. Ardhi ilishuka, vikabaki vinaning'inia. Ndiyo sababu chumba kilikuwa kikibonyea karibu na dirisha, na familia ikidhani ni tatami zimechoka. Upande wa bafu, boriti moja ilikuwa na vijia vya udongo vya mchwa, vikavu, vya zamani. Mchwa wa kawaida wa Japani hupenda ubao uliolowa, na bafu la 1978 ni jirani mbaya.

Yote haya tatami ilikuwa imeyafunika, tena kwa hisani. Nadhani hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaiona tatami kama pambo la juu la kubadilishwa na pambo jingine. Kumbe milimita 55 za mabua ya mpunga ni kinga ya baridi. Zinavuta unyevu siku za mvua na kuuachia siku za jua. Zile mbao chakavu chini yake zimeachiwa nafasi makusudi ili hewa ipite. Na tatami ni laini kwa anayeanguka. Ukiiondoa umefukuza wafanyakazi wanne kwa mpigo, na kila kazi inahitaji mtu mpya.

Kwa hiyo mbao chakavu ziling'olewa zote. Vinguzo vilivyoning'inia vikabadilishwa na vya chuma vyenye skrubu, ambavyo hukazwa hadi boriti isimame sawasawa kwenye pimamaji. Boriti yenye dalili za mchwa ilikatwa sehemu mbovu na kuungwa, na mbao zote zikapigwa dawa, ambayo kwa desturi ya huko hudhaminiwa miaka mitano. Udongo ukatandikwa karatasi ya nailoni ya milimita 0.1, vipande vikipandiana, ili mvuke wa ardhi usipande. Masufuria ya maua yakahamishwa.

Kisha kimo kilihesabiwa upya, maana msingi wa hesabu ya kwanza ulikuwa umetupwa nje pamoja na mbao chakavu. Kutoka uso wa boriti hadi uso wa korido ni milimita 82. Papi mpya ni 45. Kati ya papi na papi yakaingia mabamba ya povu gumu, nayo ya milimita 45, ya kuzuia baridi, yakishikiliwa kwa vishikizo vya chuma. Bila hivyo povu hulegea na kushuka baada ya misimu michache, hewa ikapita juu yake, na ni sawa na kutoweka kitu. Juu ya papi, badala ya plaiwudi ya 12, ikawekwa ya 24. Kuna waliouliza anasa hiyo ya nini. Plaiwudi ya 12 ingetaka papi zikaribiane, kila milimita 303. Kwa ile ya 24 zinaweza kukaa kila 455 kama zamani, na sakafu nzima inakuwa bamba moja gumu. Mwisho mbao za 12. Jumla 81. Milimita iliyobaki ikajazwa kwa vipande vyembamba juu ya boriti. Kazi ya siku moja ilikuwa imegeuka kazi ya siku tano, na sioni siku hata moja iliyopotea.

Sheria imegusa kazi hii mahali pengine pawili. Kabla ya kuvunja chochote katika nyumba ya zamani, mtu mwenye sifa lazima akague kama kuna asbesto, hata kazi iwe ndogo; tangu Oktoba 2023 si kila fundi anaruhusiwa kufanya ukaguzi huo. Na plaiwudi, mbao na gundi vilitakiwa viwe na alama ya nyota nne, daraja la juu kabisa la kutotoa gesi ya fomaldihidi, mfumo uliowekwa na mabadiliko ya sheria ya Julai 2003 baada ya watu kuugua ndani ya nyumba mpya. Kwa mtu atakayelala humo dirisha likiwa limefungwa majira yote ya baridi, nyota hizo nazijali kuliko rangi.

Mbao zenyewe

Mbao zilizochaguliwa ni za tabaka: plaiwudi chini, ngozi nyembamba ya mwaloni juu, rangi ngumu ya kustahimili magurudumu. Binti alitaka sugi, mti wa Kijapani usio mzito, mbao kamili ya milimita 15. Namwelewa. Sugi ina hewa nyingi ndani yake, mguu mtupu hauisikii baridi kama mwaloni, na inanukia. Lakini ni laini. Ukucha unaiacha alama, sembuse kigari na kitanda cha hospitali. Tena inatanuka na kusinyaa kwa misimu, na milimita 3 za ziada zingevuruga hesabu ya kimo. Sugi ikabaki kwenye sakafu ya kabati la ukutani, mahali pasipokanyagwa.

Kuhusu idadi, chumba hiki ni darasa zuri. Ubao mmoja ni milimita 303 kwa 1,818, na boksi lina sita. Chumba ni 3,520 kwa 2,640. Kwa urefu, kila safu inatumia mbao mbili: ama mbili zilizofuatana, ama moja nzima katikati na nyingine iliyokatwa vipande viwili vya pembeni, ili maungio yapishane. Kwa upana ni safu tisa, ya mwisho ikichanwa kupunguzwa. Mbao 18, maboksi matatu kamili, bila hata moja ya akiba. Kwenye karatasi inavutia. Fundi aliagiza manne.

Alikuwa sahihi, kwa sababu chumba hakikuwa na pembe mraba. Kati ya ukuta wa kaskazini na kizingiti cha kusini kulikuwa na tofauti ya milimita 9 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tatami haikuwahi kulisema hilo: fundi wa tatami hupima chumba na kuikata kila moja kwa mahali pake, akigawa upotovu katika mabamba sita hadi jicho lisiuone. Ubao wa kiwandani umenyooka, na unachongea ukuta uliopinda. Safu ya kwanza ilianzia upande wa kusini, unaoonekana mtu akiingia, na upotovu wote ukasukumwa kaskazini, nyuma ya kitanda, ambako safu ya mwisho imechanwa kwa mshazari.

Kuzunguka chumba kuna ubao mwembamba uliokuwa ukiziba nafasi kati ya tatami na ukuta. Sakafu iliposhuka, ubao huo ulibaki juu kwa milimita 30, ubavu wake usiopigwa randa ukiwa nje. Ukavishwa utepe wa mbao, ukawa skating, ule ubao wa kuzunguka chini ya ukuta, bila mtu kupanga. Tokonoma, kile kidaka cha heshima kinachotundikwa maandishi au picha, iliachwa kama ilivyo. Sasa inaonekana imeinuka kidogo kuliko zamani. Bibi amesema ni afadhali, maana akiwa kitandani anaiona.

Kuna bei moja ambayo mbao hazikuilipa, nayo ni ulaini. Akianguka leo anaangukia kitu kigumu, na soksi juu ya mbao zenye rangi huteleza. Walifikiria kutandika mabamba membamba ya tatami ya kisasa, milimita 15, kandokando ya kitanda. Nashukuru waliacha: huwezi kubomoa mlango mzima kwa ajili ya milimita 30 kisha ukajenga kilima cha 15 mahali mtu anaposhusha miguu usiku wa manane. Badala yake alipewa viatu vya ndani vyenye soli ya mpira na kisigino, si ndara, na taa inayojiwasha karibu na kitanda.

Fedha ilitoka sehemu mbili. Bima ya utunzaji wa wazee ya Japani, iliyoanza mwaka 2000, inagharimia marekebisho ya nyumba hadi yeni 200,000 kwa mtu aliyethibitishwa kuhitaji msaada, naye huchangia asilimia 10 hadi 30 kulingana na kipato. Orodha ya kazi zinazokubaliwa ni fupi: mikono ya kushika, kuondoa vilima, kubadilisha sakafu, kubadilisha milango, kubadilisha choo, na kazi zinazoambatana na hizo, kama kuimarisha papi kwa ajili ya sakafu mpya. Bibi yuko kwenye asilimia 10, kwa hiyo alirudishiwa yeni 180,000. Dawa ya mchwa na povu la kuzuia baridi vilitoka mfukoni. Sharti linalowaumiza wengi ni kwamba maombi hupelekwa kabla ya kazi, pamoja na maelezo ya mratibu wa huduma, makisio, na picha zenye tarehe. Ile kazi ya siku moja ya fundi wa kwanza, kama ingefanyika wiki ile ile alivyotaka, isingelipiwa hata yeni.

Kosa ninaloliona ni la mpangilio. Nyumba za mbao zilizoidhinishwa kabla ya Juni 1981 zilijengwa kwa kanuni za zamani za tetemeko, na serikali nyingi za miji hutoa ruzuku kwa uchunguzi wa nyumba hizo. Sakafu ya chumba hiki sasa ni ngumu, lakini sakafu ngumu haisimamishi kuta dhaifu; na kuziimarisha kuta kunataka kufungua ukingo wa sakafu ili miguu ya nguzo ifungwe kwa vyuma kwenye boriti ya msingi. Uchunguzi ulitakiwa utangulie mbao, wakati shimo liko wazi na fundi yumo ndani. Familia imeomba uchunguzi, ila baadaye, ilipoanza kuzungumzia kile chumba cha tatami nane. Fundi alijua ukingo huenda ukahitaji kufunguliwa, na ile safu ya mwisho ya kaskazini akaifunga kwa skrubu bila gundi ili iweze kung'oka. Chumba cha pili hakijaguswa mpaka majibu ya kuta yatoke.